Hela imekata nyumbani: mnafanyaje ili mtu asizame kwenye mawazo

Wiki za masika hapa Moshi tunazijua. Wageni wanapungua mlimani Kilimanjaro, wagumu, yaani wabeba mizigo ya wageni, wanarudi nyumbani na mabegi yao, dereva wa wageni anapaki gari, mama anayeuza chapati stendi anarudi na nusu ya chapati zake, na mwenye nyumba tarehe yake iko pale pale. Kipindi kama hiki watu wanaandika sana kuhusu kutafuta hela, biashara ya mtaji wa elfu hamsini, kufuga kuku, mboga kwenye viroba, na hayo yote ni mazuri. Mimi nataka kuongelea kitu kingine ambacho nakiona kwenye nyumba zetu kabla hata chakula hakijapungua: mtu mzima amekaa ukingoni mwa kitanda saa nne asubuhi, hajaoga, na hakuna mtu yeyote popote anayemsubiri.

Kwa hiyo nitakachokomaa nacho hapa ni hicho tu. Kipato kikikata, kitu cha kwanza kukirudisha ndani ya nyumba ni kusubiriwa, yaani kila mtu awe na jambo moja kila siku ambalo mwenzake anamtegemea alifanye na asipolifanya litaonekana. Hela itatafutwa, na itatafutwa vizuri zaidi na mtu ambaye bado anajiona ana kazi duniani. Mimi sio daktari, natunza daftari la kikundi cha vikoba, na daftari la vikoba linakuonyesha nani ameanza kuzama kabla mwenyewe hajasema. Kwanza anachelewa kikao, alafu anatuma hisa kwa mtoto, alafu mtoto anakuja kusema mama anaumwa kichwa, alafu hatumi kabisa na ukikutana naye njiani anavuka upande wa pili. Ukisubiri mpaka hapo umeshachelewa.

Kwa nini kukosa kazi kunamla mtu kuliko njaa yenyewe

Kuna kijiji kule Austria kinaitwa Marienthal, kilikuwa kinaishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kufikia 1930 kiwanda kikawa kimefungwa na karibu kijiji kizima kikabaki hakina kazi. Mwishoni mwa 1931 wakaja watafiti, mmoja wao mwanasaikolojia anaitwa Marie Jahoda, wakakaa na wale watu wakawaangalia maisha yao. Mtu ungedhani wenye muda wa bure wangesoma sana, lakini maktaba ya kijiji vitabu vilivyokuwa vinaazimwa vikapungua. Wanaume wakawa wanatembea polepole, wanasimama simama barabarani bila sababu, ukiwauliza tangu asubuhi umefanya nini hawana cha kutaja. Wanawake wao walikuwa bado wanatembea haraka kwa sababu kuna sufuria jikoni na nguo za watoto. Baadaye Jahoda akaeleza kwamba kazi ukitoa mshahara wake bado inampa mtu vitu vitano, inampangia muda, inamkutanisha na watu nje ya familia yake, inamweka kwenye lengo ambalo ni kubwa kuliko yeye, inampa jina mbele za watu, na inamfanya mwili na akili vishughulike.

Sasa mfikirie mgumu wa mlima huu wetu. Akiwa kazini anaamshwa gizani, mzigo wake umepimwa getini, mpishi anasubiri maji, wenzake wanamwita kwa jina la utani, na mgeni akifika kileleni yeye anajua sehemu yake iko pale. Akirudi nyumbani msimu ukiwa umekufa vyote vitano vimeondoka siku moja, na sisi tunamuuliza tu habari ya hela. Mwaka 2020 ndo tuliona vizuri, korona ilipofunga ndege wageni walioingia Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka wa 2019 mpaka kama laki 6 na elfu 20, na huku kwetu ilikuwa sio hela peke yake iliyopotea, wanaume walikuwa wanakaa vibarazani mpaka unaogopa kuwasalimia.

Uzuri wake ni kwamba hivyo vitu vitano, ukiacha mshahara, vinaweza kurudishwa kwa kiasi kikubwa bila hela. Haviji vyenyewe lakini, lazima mtu avipange.

Anza na saa ya kuamka, mawaidha yasubiri

Mtu akianza kuzama ndugu wote wanakuja na maneno. Jikaze. Mwanaume halii. Wenzako wana hali mbaya zaidi yako. Mungu ana makusudi yake. Hata kama yamesemwa kwa upendo yanamfikia kama lawama, maana yeye anajikaza tangu mwezi wa tatu na haoni matokeo, kwa hiyo anazidi kuamini tatizo ni yeye. Acha maneno, shika saa. Kama alizoea kuamka saa kumi na moja, asiachwe kulala mpaka saa nne. Aamke na watoto wa shule, aoge, avae nguo za kutokea na viatu, afungue mlango mwanga uingie. Mchana asilale sana, kwa sababu akilala mchana usiku atakesha anahesabu madeni kichwani, na aliyekesha kesho yake hana nguvu ya chochote, na hapo mzunguko umeshafunga.

Atakwambia sijisikii. Usibishane naye. Watu wengi tunafikiri hamu inatangulia alafu mtu anafanya, ila kwenye hali hii inaenda kinyume, anafanya kidogo kwanza na hamu inakuja nyuma, wakati mwingine baada ya wiki kadhaa, na hii ni mojawapo ya njia ambazo wataalamu wa afya ya akili wanazitumia kabisa kutibu sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Kwa hiyo kidogo kiwe kidogo kweli. Kufika dukani na kurudi. Kumwagilia mchicha tu, asilime. Kikiwa kidogo atakimaliza, na kumaliza ndo dawa.

Tafuta mdomo unaosubiri

Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanampa mtu kazi ya kumtuliza. Jirani yetu mmoja alikuwa anapanda mlima miaka mingi, kazi ikasimama, akawa wa kukaa na simu tu. Mke wake alimpa kupaka rangi ukuta, kupanga matofali, kurekebisha banda, anafanya siku moja anaacha, maana ukuta usipopakwa rangi leo hakuna anayeumia. Kilichokuja kumwinua ni ng'ombe wa mama yake huko Uru, juu mlimani. Mama mtu magoti yalikuwa yamegoma, hawezi tena kushuka kutafuta majani, akampigia simu, "Mwanangu, ng'ombe hajala tangu jana jioni na mimi siwezi." Basi. Hakumwambia njoo upumzishe akili wala njoo tuongee. Jamaa akapanda na panga, akakata migomba iliyokwisha kuvunwa, akaikatakata mashina vipande vipande, akaenda kutafuta majani, jioni akamwekea maji. Kesho yake ng'ombe alivyosikia geti akaanza kulia. Yaani yule mwanaume alikuwa anasimulia hiyo sauti ya ng'ombe kama mtu anayesimulia amepigiwa simu ya kazi. Akawa anapanda kila siku, anarudi na maziwa kidogo, siku nyingine na ndizi mshare, ila hata angerudi mikono mitupu angepanda, kwa sababu kuna mdomo unamsubiri kule juu.

Sio kila mtu ana ng'ombe Uru, najua. Lakini angalia kazi yenyewe ilivyokuwa: uhitaji wa kweli, wa kila siku, unaoonekana kwa macho, unaowezekana kwa nguvu alizonazo, na kuna anayeshukuru. Kwa wanaokaa hapa mjini, Pasua, Njoro, Majengo au Soweto, kwenye vyumba vya kupanga, tafuta kitu chenye sura hiyo hiyo. Kuna mzee mtaani ana kliniki ya presha na hana wa kumsindikiza. Kuna watoto wa nyumba nne wanaovuka barabara kubwa asubuhi na hakuna mkubwa wa kuwavusha. Kuna kijana wa darasa la saba hajui sehemu na desimali na wewe ulikuwa unazijua. Kuna bibi anayenunua maji ya ndoo kwa sababu hawezi kubeba. Kuna kanisa au msikiti unaotaka mtu wa kufungua na kupanga mikeka au viti mapema. Chagua kimoja, ukipe saa yake, na huyo anayesubiri aambiwe kabisa kwamba fulani atakuja saa fulani, ili asipokuja aulizwe.

Na namna ya kusema ina uzito wake. Ukisema "wewe si umekaa tu, kawapeleke watoto," umempa adhabu na umemtukana kwa pamoja. Sema, "Baba Neema, naomba hii ya kuwapeleka watoto uishike wewe, mimi asubuhi maandazi yananishinda." Ni kazi ile ile ila ya pili inamwambia anahitajika. Alafu akishafanya usimkague kama mtoto. Sema asante mbele ya watoto, yatosha.

Mama naye

Nimeongea sana kuhusu wanaume kwa sababu wao ndo wanaonekana wamekaa. Mama wa nyumba ya kipato cha chini hakosi wa kumsubiri, anasubiriwa na kila mtu, na hilo ndo linamficha. Anaamka kabla ya wote, anauza maandazi, anafua za watu, anapika, anakopa, anadanganya njaa kwa kusema ameshakula, na ndani ameshazima. Watu wanasema yule mama ni jembe. Mimi nikisikia mama anaitwa jembe naanza kumuangalia usingizi wake na uso wake, maana jembe halilalamiki mpaka siku mpini unakatika.

Kwa mama, mpango unageuka. Yeye hahitaji kazi nyingine, anahitaji saa ambayo hakuna anayemsubiri, na jambo moja ambalo ni lake. Kwaya. Kikundi. Kusuka vikapu na wenzake. Kwenda kumuona dada yake Himo bila mtoto mgongoni. Kazi ambayo baba ameichukua, ile ya watoto au ya maji, imuondokee kweli na isiwe ya kusimamiwa tena na yeye. Na mama aliyejifungua karibuni muangalieni kwa jicho la pekee, kama analia bila sababu, hamtazami mtoto, au anasema mtoto angekuwa na mama mwingine ingekuwa afadhali, huyo apelekwe kliniki haraka, msimwache na maneno ya kwamba ni uchovu wa uzazi.

Mawazo yatolewe kichwani yawekwe kwenye daftari

Mwaka 2006 huko Harare daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza. Nchi ilikuwa na madaktari wachache sana wa akili, bibi walikuwepo wengi. Mtu anakuja na lundo la matatizo, bibi anamsaidia kuchagua moja tu, wanatafuta hatua ndogo ya wiki hii, anarudi wanaangalia imefikia wapi. Mwaka 2016 yakatoka matokeo ya utafiti yakaonyesha waliokaa na bibi wale walipungukiwa dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida, na benchi hizo zimeshafika mpaka Zanzibar. Nimeipenda kwa sababu inafanana na kitu tunachoweza kukifanya mezani kwetu.

Kaeni wakubwa wa nyumba, chukueni daftari la mtoto lililobaki kurasa. Andikeni madeni yote, duka la Mangi, pango, ada ya tuisheni, rejesho la kikundi, LUKU ya kukopa, yote hata yale mmoja alikuwa anamficha mwenzake. Kuna nyumba hapa ndo ugomvi unalipuka, na ukilipuka muahirishe mpaka kesho jioni lakini mrudi. Mtu aliyekesha na deni peke yake analiona kubwa kuliko lilivyo, na wakati mwingine yakishaandikwa mnakuta ni laki nne na nusu, ni nyingi lakini ina mwisho, wakati kichwani ilikuwa haina mwisho.

Alafu chagueni moja. Tuseme pango. Msiandike "tutafute hela ya pango," hiyo sio hatua. Andikeni: Jumamosi asubuhi tunaenda wote wawili kwa mwenye nyumba kabla hajaja yeye, tunampa elfu thelathini tuliyonayo, tunamuomba tulipe kwa mwezi badala ya miezi mitatu mpaka wageni warudi mwezi wa sita. Mwenye nyumba anaweza kukataa. Mara nyingi ninavyowaona hawa watu wanamheshimu aliyemfuata kuliko anayezima taa akisikia hodi. Na kule kumfuata kwenyewe kunamrudishia mtu mgongo wake.

Dukani hivyo hivyo, mfuate Mangi, mwambie deni la zamani nitakulipa elfu mbili kila Jumatatu na kuanzia leo sikopi tena, aandike.

Kuhusu mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, nawaombeni sana. Nimeona wamama wanakopa kulipa rejesho la mkopo mwingine, wanakuja kuchukuliwa godoro na jiko la gesi mbele ya watoto, na baada ya hapo huyo mama hatoki tena nje. Anayekopesha kihalali anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, muombe aionyeshe. Na zile programu za mikopo za kwenye simu zinazopigia namba zako zote kukutangaza, aibu ile imewazamisha watu kabisa, usiziguse. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, inaenda kwa vikundi vilivyosajiliwa kwa hiyo haisaidii wiki hii, lakini kumuona afisa maendeleo ya jamii wa kata ni hatua ambayo inaweza kuandikwa kwenye daftari.

Watoto wanajua tayari

Usimtume mtoto mlangoni kusema "mama hayupo" wakati upo ndani umejifunika shuka. Najua kwa nini watu wanafanya, ila mtoto anabeba uongo ambao ni mzito kuliko umri wake, na anajifunza kwamba nyumbani kwao kuna kitu cha kutisha kisichosemwa. Mwambie ukweli kwa kimo chake. "Hela imepungua kwa sababu kazi ya baba imesimama. Tutakula, shule utaenda, nyama itakuwa mara moja moja. Sio kosa lako." Hilo la mwisho liseme kabisa, maana watoto wengi wanaamini wao ndo mzigo, hasa wakisikia ugomvi wa hela ya daftari au michango ya shule.

Naye apewe chake cha kusubiriwa, kuku wawili, maji ya bibi, kumsomea mdogo wake. Kiwe kidogo kisimtoe shuleni wala kumfanya mzazi wa wadogo zake. Na mtoto akiona anapigwa au kunyanyaswa kipindi nyumba imechafuka, namba 116 ni ya bure ya kuwasaidia watoto, iandikwe mahali wanapoiona.

Desemba, misiba, na magrupu ya michango

Hili linaumiza watu wa huku kuliko wengi wanavyokubali. Desemba barabara ya kutoka Dar imejaa, watu wanarudi kuhesabiwa, magari yanapanda Marangu, Kibosho, Machame, Rombo, mbuzi wanachinjwa, na kuna mtu anakaa Moshi mjini, nauli ya kufika kwao sio kubwa, na hapandi. Anasema ana kazi. Hana kazi, anaogopa kuingia kwa wazee bila mfuko. Na akikosa mwaka wa kwanza wa pili ni mgumu zaidi, mwisho anakuwa amekatika na kihamba chake, yaani shamba la ukoo, na wazee wake, na mtu aliyekatika na kwao akizama hana wa kumvuta.

Panda hivyo hivyo. Panda mapema, tarehe 20 au kabla, uwe wewe ndo umefagia makaburi, umepogoa migomba, umepasua kuni, umechimba shimo la choo kama limejaa. Wenye magari wakifika tarehe 24 wakukute unafanya kazi nyumbani. Mwambie mzee wako ukweli ukiwa naye peke yenu, "Mzee, mwaka huu sina kitu, nimekuja na mikono yangu." Sijaona mzee aliyemfukuza mtoto kwa maneno hayo. Ila akiwepo shemeji au binamu wa maneno maneno, usikae naye kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ukabishana, ondoka ukashike shoka.

Misiba na harusi hivyo hivyo. Mtu akishindwa mchango anatoka kwenye grupu kimya kimya, alafu msiba unatangazwa hana habari, alafu anaonekana ana roho mbaya. Usitoke. Mtumie mweka hazina ujumbe peke yake: "Dada, mchango kwa sasa sina, nitakuja alfajiri kuweka turubai na kupanga viti, na nitabaki kuosha vyombo." Kwenye misiba yetu wenye hela ni wengi kuliko wenye mikono ya saa kumi na moja alfajiri, na atakayekuona pale ndo huyo huyo atakayekukumbuka kazi ikitokea. Na wewe mweka hazina, tafadhali, yale majina mekundu ya ambao hawajatoa yasibandikwe kwenye grupu. Mfuate mtu kwa simu yake.

Pombe niseme kwa kifupi. Anayekunywa ili alale anapata usingizi mbovu na asubuhi nzito zaidi, na pombe yenyewe inashusha moyo. Mkiona ameanza kunywa peke yake au asubuhi, hesabuni hiyo ni dalili kama dalili nyingine.

Ikishakuwa ugonjwa, twende hospitali

Yote niliyoandika yanasaidia mtu aliyeanza kuzama, na yanamsaidia pia anayetibiwa. Hayachukui nafasi ya matibabu. Angalieni hivi: kama kwa wiki mbili karibu kila siku moyo uko chini au hakuna kinachomfurahisha tena, na pamoja na hilo kuna baadhi ya haya, usingizi umeharibika au amelala kupita kiasi, chakula hakipandi, amechoka bila kazi, anajiona hafai, hawezi kushika jambo kichwani, amekuwa mzito wa mwendo au hatulii, basi hiyo inaweza kuwa sonona, apelekwe kwa daktari. Kwa wanaume wengi inakuja kama hasira na kufoka. Kwa wengi wengine inakuja mwilini, kichwa, mgongo, tumbo, moyo kwenda mbio, wanapima taifodi na yutiai kila mwezi, wanameza antibayotiki, hawaponi.

Anzeni kituo cha afya cha karibu, au Mawenzi ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, au KCMC, hospitali kubwa ya kanda, kama mmepewa rufaa. Mkifika kwa daktari msiishie kwenye kichwa kinauma. Semeni, "Hajalala vizuri wiki tatu, ameacha kuongea, anasema hafai." Aachwe aongee mwenyewe na daktari bila mke au mama yake ndani, kuna mambo hatayasema mbele yenu. Akiandikiwa dawa mjue hazifanyi kazi siku hiyo, zinachukua wiki kadhaa mpaka zionekane, mwanzoni anaweza kusikia kichefuchefu au usingizi, na asiziache ghafla akijisikia nafuu mpaka daktari aseme. Gharama ikiwashinda, hospitali za serikali zina afisa ustawi wa jamii, nendeni na barua ya serikali ya mtaa mkaombe msamaha wa gharama, na nendeni ofisini kwake kabla ya kukata tamaa dirishani. Maombi yaendelee, mchungaji au shehe aje, na dawa zimezwe siku hiyo hiyo, moja halimzuii mwenzake.

Na hili lisomwe polepole. Mtu akisema bora nisingekuwepo, mngepumzika, akianza kugawa vitu vyake, akiaga aga, muulize wazi, "Kaka, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Akisema ndio, usimwache peke yake hata dakika, usimkemee, usimwambie ni dhambi wakati huo. Dawa za kunyunyizia mboga na kahawa, sumu ya panya, na vidonge vya wagonjwa wengine viondoke kabisa kwenye hiyo nyumba, viende kwa jirani vifungiwe, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku, kwa bodaboda akae katikati ya watu wawili wanaompenda ikibidi, au ombeni gari la mtaa.

Akikataa kwenda na hali sio ya hatari ya haraka, msimdanganye kwamba mnaenda kumuona shangazi. Nenda wewe kwanza kituoni, mueleze muuguzi hali ilivyo, rudi umwambie, "Nimeongea na nesi, amesema hii ina matibabu, Alhamisi nitakwenda na wewe, nitakaa nje nikusubiri." Siku ya kurudi kliniki iandikwe kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu inayoonekana, nauli itengwe mapema ikae kwa mtu mmoja, na aende na yule yule aliyempeleka mara ya kwanza.